Neno la Kigeni Katika Duara la Watoto

Mwalimu wa Kiingereza huwatoa watoto wadogo uwanjani, akawapanga duara, kisha akatamka neno la lugha hiyo lenye maana ya kuruka, nao huruka. Akitaja mti, huukimbilia mti. Wako wazazi wanaotikisa kichwa na kusema kwamba huo ni mchezo, si elimu. Wako pia wanaoona uchungu kuwa michezo tuliyorithi kwa wazee sasa yabebeshwa lugha ya wageni. Yatupasa kuzipima hoja hizi mbili, kwani zote zagusa utu wa mtoto.

Hoja ya kwanza ni nyepesi. Hakuna mtoto aliyejifunza lugha ya mama yake kwa kukariri ubaoni. Aliambiwa njoo, akaja. Aliambiwa shika, akashika. Mwili ukaelewa kabla ulimi haujanena. Mwanasaikolojia wa Marekani, James Asher, aliijengea njia hii nadharia katika miaka ya 1960, lakini bibi zetu walikuwa wakiitumia tangu kale. Tena, palipo na watoto wengi na vitabu vichache, mchezo hautaki ila uwanja na sauti ya mwalimu.

Hoja ya pili ni nzito. Mwaka 1967 taifa letu la Tanzania liliamua Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia katika shule za msingi, na Kiingereza kiwe somo. Uamuzi huo ulimpa mtoto heshima ya kufikiri kwa lugha anayoielewa. Jirani zetu nao walikuwa wameonja kinyume chake: Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986, alisimulia jinsi wanafunzi wa Kenya ya kikoloni walivyochapwa au kuvishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema Kikikuyu shuleni. Mtoto aliyefundishwa hivyo alijifunza mambo mawili kwa pamoja: maneno ya Kiingereza, na kuwaonea haya wazazi wake. Hilo la pili ndilo lenye sumu.

Basi neno geni lenyewe si adui. Kiswahili kilichukua meza kwa Wareno, shule kwa Wajerumani na kitabu kwa Waarabu, wala hakikupoteza nafsi yake. Swali letu ni hili: neno hilo linamfikia mtoto kwa roho gani?

Hapa twapenda kuwatahadharisha walimu, maana hata mchezo waweza kuficha fimbo. Katika michezo mingi ya darasani, anayekosea neno hutolewa nje. Matokeo yake, mtoto aliyelihitaji neno hilo kuliko wote huketi pembeni akitazama, na yule aliyekwisha kulijua huendelea kulirudia. Wenzake wakimcheka, amevishwa kibao kile kile, ijapokuwa hakionekani.

Michezo yetu inayo dawa. Katika kombolela, aliyekamatwa hajapotea. Mwenzake aliye huru hutoka mafichoni, akaupiga teke mkebe, na waliotekwa wote wakawa huru. Jina la mchezo lenyewe latokana na kukomboa. Mwalimu na aufuate mwenendo huo: aliyeshindwa kutaja neno asubiri kidogo, mwenzake alitaje na kulionyesha kwa kitendo, kisha wote wawili warudi mchezoni, na yule wa kwanza alitamke tena. Kwa njia hiyo, mjuzi huutumia ujuzi wake kumwinua mwenziwe, wala si kumpita.

Mchezo wa jadi ukitumiwa hivyo haudhaliliki. Utadhalilika tu tukiuchukua umbo lake na kuuacha uadilifu wake. Nanyi wanafunzi wa sekondari, ambao wadogo zenu huwajia jioni na maneno mapya vinywani, msiwacheke wanapokosea. Ingieni duarani, mkawakomboe.