Fulana Haifundishi Shabaha

Wanangu, wengi wenu mliotoka Mgambo JKT pale Kabuku sasa mnatafuta kazi ya ulinzi: benki za Korogwe, mashamba ya mkonge, vituo vya mafuta vya Segera, machimbo ya Magambazi. Kazi ni kazi, na aliyepata ashukuru. Ila nimeonyeshwa picha kwenye simu zenu. Kijana kavaa fulana ya kuzuia risasi, mifuko imepandana kifuani hadi kidevuni, tochi mbili, kisu, kamba zinaning'inia kila upande. Mimi nimeshika bunduki tangu vita vya Kagera hadi nilipostaafu, na picha ile haikunifurahisha.

Sisi wa 1978 na 1979 hatukuwa na fulana hizo. Kinga yetu ilikuwa handaki, kichuguu, na kulala chini upesi. Sisemi mrudi huko. Fulana nzuri inaokoa roho na mwenye nayo aivae. Ninachoogopa ni mtu kuvaa kinga asiyojua uwezo wake. Huyo husimama wima mahali ambapo mwenye kifua wazi angekuwa ameshalala zamani.

Jambo hili si geni kwetu. Wazigua walipata bunduki mapema kupitia biashara ya pwani, kabla ya Washambaa wa milimani. Alipofariki Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Washambaa, mwaka 1862, ufalme wake ukaingia vurugu, na mwanawe Semboja akajikita Mazinde, hapo hapo Korogwe, kwa sababu misafara yenye bunduki na baruti ilipita chini ya mlima. Watu wakajifunza kwa uchungu kwamba ngome ya mlima haikutosha tena. Na huko kusini, mwaka 1905, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji ya kugeuza risasi. Walikuwa mashujaa, hilo halina ubishi. Lakini pale boma la Wajerumani la Mahenge, mwezi wa Agosti mwaka ule ule, waliikabili bombomu kwa kuamini kinga ile, wakaanguka kwa mamia. Leo yuko kijana ambaye hawezi kwenda kwa mganga kutafuta hirizi ya risasi, lakini ananunua fulana mnadani bila kusoma lebo. Mimi sioni tofauti kubwa.

Basi someni lebo. Fulana laini ni tabaka nyingi za kitambaa, mara nyingi Kevlar, nyuzi alizozigundua mwanakemia wa Marekani Stephanie Kwolek mwaka 1965. Inazuia risasi ya bastola na kupunguza madhara ya vipande. Risasi ya SMG, yaani AK-47, haiizuii. Risasi ile hutoka mtutuni kwa kasi inayozidi mita 700 kwa sekunde, karibu mara mbili ya ile ya bastola, na kitambaa hakiwezi kuikamata. Kwa hiyo panahitajika bamba gumu mbele na nyuma. Kwa viwango vya Marekani vinavyoandikwa kwenye lebo nyingi, IIIA ni ya bastola, III na IV ni za bunduki. Lebo mpya zinaandika HG kwa bastola na RF kwa bunduki. Kama lebo imechanwa, hesabu kwamba umevaa shati. Kitambaa nacho huchoka kwa jasho, unyevu na jua, na watengenezaji wengi huipa fulana dhamana ya miaka 5 tu. Bamba la chuma tupu lina ubaya wake: risasi ikipasukia hapo, vipande hurukia shingo na kidevu.

Sasa namna ya kulivaa bamba. Ukingo wa juu wa bamba ukae usawa wa kile kishimo kilicho chini ya koo, kati ya mitulinga miwili. Hapo linafunika moyo na mishipa mikubwa. Wengi wenu mnalivaa kama aproni ya mama ntilie, limeshuka tumboni, moyo uko nje. Tumbo linauma, najua, lakini moyo haungoji gari la kwenda hospitali.

Kisha kitako cha bunduki. Mliofundishwa shabaha mkiwa na kombati peke yake mtashangaa siku ya kwanza ndani ya fulana: kitako hakikai begani, kinateleza juu ya bizimu au kamba nene, shavu halifiki mahali pake, na risasi inakwenda usikotaka. Bega la kulengea liachwe tupu kabisa. Hakuna redio hapo, hakuna tochi, hakuna bizimu. Kama kitako kinarefushwa na kufupishwa, kifupishe, kwa sababu fulana imekuongezea unene.

Magazini ya SMG yenye risasi 30 ina uzito wa karibu gramu 800. Ukipanga sita kifuani umejitundika kilo tano kasoro kidogo, juu ya mabamba mawili yanayoweza kufika kilo sita. Ukilala kifudifudi, magazini hizo zinakuinua juu ya ardhi, unageuka shabaha ya adui. Anayelenga kwa mkono wa kulia aziweke upande wa kushoto, tatu zinatosha mlinzi wa lango, zote zikitazama upande mmoja ili mkono uzipate gizani. Mkanda wa kufunga jeraha linalovuja damu uwekwe mahali ambapo mkono wowote unafika. Chochote kingine kinachoning'inia, kikate au kiache nyumbani.

Jaribuni mzigo huo bunduki ikiwa tupu, imekaguliwa na mtu wa pili, mtutu ukielekea upande salama. Kimbia, piga goti, lala, inuka, badilisha magazini. Kinachokwaruza sasa kitakukwamisha usiku wa tukio.

Na jambo la sheria, nalisema kwa ufupi kwa kuwa mnalijua. Bunduki ni ya leseni, chini ya sheria ya mwaka 2015, na gobore la babu nalo halikusamehewa. Agosti 2023 JWTZ liliwapa raia siku 7 kusalimisha mavazi yanayofanana na ya jeshi. Ile mitumba ya rangi za msituni mnayoisaka gulioni, kwa sababu tu ina mifuko mizuri, itawafikisha mahabusu kabla haijawafikisha kazini.

Aliye na mitumba hiyo aipeleke kituo cha polisi wiki hii, asingoje kufuatwa. Na anayeajiriwa, kabla ya kusimama langoni, amwombe mwajiri siku moja ya shabaha uwanjani, mbele ya mkufunzi, akiwa amevaa kila kitu atakachovaa zamu ya usiku. Mwajiri akikataa, tafuteni mwajiri mwingine.