Punda wa Jirani Naye Ana Haki

Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Kurani Tukufu, Sura Al-An'am, ya kwamba wanyama wa ardhini na ndege wa angani ni mataifa kama sisi, nao watakusanywa kwa Mola wao. Basi mnyama si chombo kama jembe au ndoo.

Katika Dodoma na nchi yote ya Ugogo, ni mnyama gani astahiliye kukumbukwa kuliko punda? Mvua hunyesha msimu mmoja tu, tangu Desemba hata Aprili. Kisha ni ukame, na maji hutoka mbali. Madumu manne ya lita 20 ni kilo 80, na punda ndiye ayabebaye. Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Je, shukrani ya mwanadamu kwa punda ni nini? Mara nyingi ni donda la kamba mgongoni, fimbo juu ya donda, na kulala amefungwa bila kuonjeshwa maji aliyoyaleta mwenyewe.

Ndugu msomaji, huenda umemwona punda wa namna hiyo uani kwa jirani, ukajiambia: "Si wangu, nikisema nitavunja ujirani." Hebu tutazame mwenendo wa Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. Aliingia katika bustani ya Mwansari mmoja, na ngamia alipomwona akalia, machozi yakamtoka. Mtume s.a.w. akampangusa nyuma ya masikio hata akatulia, kisha akauliza mwenyewe ni nani. Kijana alipojitokeza, akamwonya amwogope Mungu kwa ajili ya mnyama aliyemilikishwa, kwani analalamika kwamba anatiwa njaa na kuchoshwa. Ngamia yule hakuwa wake, lakini hakumpita. Alimtuliza mnyama, akamtafuta mwenye mali, akasema naye mwenyewe.

Nasi tufuate njia hiyo. Kwanza, tusihukumu kwa dhana, kwani Sura Al-Hujurat inatukataza dhana mbaya na kusengenyana. Punda aliyekonda pengine ni mgonjwa, na pengine mwenyewe naye ana njaa. Pili, mwendee jirani peke yako, si mbele ya watu. Chukua ndoo ya maji na gunia la kukunja chini ya mzigo. Mweleze kwamba donda huoshwa kwa maji safi yenye chumvi, na punda hupumzishwa hata apone. Neno lililofuatana na msaada husikilizwa. Tatu, akikataa, waendee wazee na afisa mifugo. Ukatili ukizidi, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 imeuhesabu kuwa kosa. Kumshitaki hapo si uadui, kwani Mtume s.a.w. alifundisha kuwa kumsaidia ndugu aliye dhalimu ni kumzuia dhuluma yake.

Wengine watauliza: watu wenyewe wana kiu, itakuwaje punda? Mtume s.a.w. alisimulia habari za mtu aliyeshuka kisimani, akamtekea mbwa maji kwa kiatu chake, akasamehewa dhambi zake. Na za mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia bila chakula. Mtu yule naye alikuwa na kiu. Na kiu yake ndiyo iliyomfahamisha kiu ya mbwa. Sisi wa nchi kavu tunaijua kiu kuliko wengi, hivyo hatuna udhuru.

Mwenyezi Mungu atujaalie huruma kwa kila kiumbe chake, na ujasiri wa kusema na jirani kwa upole. Amin.