Wanangu, Msitie Saini kwa Pupa

Wanangu, ramani ya mwekezaji mliyoniletea nimeitazama. Ghorofa nane za ofisi, vioo upande wa barabarani, fremu za maduka chini, papo hapo Kariakoo ilipo gesti ya marehemu babu yenu. Sisemi jengo lisijengwe. Vyumba vimechakaa na bati linavuja. Nimechoka kuyasema haya kwa kila ukoo unaoniita kwenye mambo ya mirathi, lakini nitayasema tena, maana ninyi ni damu yangu.

Anzeni na wanaolala humo gesti. Mfanyabiashara aliyeshuka kutoka Tunduma kufuata mzigo, mgonjwa anayesubiri siku yake ya kliniki Muhimbili na ndugu anayemuuguza: fedha zao ndizo zilizowasomesha ninyi. Je, hizo ofisi atapanga nani? Serikali ilitangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, na wizara zimekwenda. Mwambieni mwekezaji awaonyeshe wapangaji, asiwaonyeshe picha. Huenda ghorofa tatu za ofisi zinatosha, na zilizobaki zikawa vyumba vya wageni. Kariakoo haijawahi kukosa wageni.

Kisha huo ubia. Yeye anatoa fedha, ninyi mnatoa kiwanja, halafu mnagawana ghorofa. Mgawanyo wa mdomo mwisho wake ni mahakamani. Tangu mwaka 2008 tuna sheria ya umiliki wa sehemu za majengo, inayomwezesha kila mmoja kuwa na hati ya sehemu yake ndani ya jengo moja. Basi yaandikwe yote: ghorofa zipi ni zenu, mtakabidhiwa lini, lifti ikiharibika nani analipa. Na hati ya kiwanja isiwekwe rehani benki bila ridhaa ya warithi wote, wakiwemo shangazi zenu ambao hamkuwaita kikaoni. Haki yao haipungui kwa kuwa wameolewa mbali. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Linaloninyima usingizi zaidi ni msingi. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Kibali chake kilikuwa cha ghorofa 10, nalo lilikwishapita hapo. Tarehe 16 Novemba 2024 likaanguka jingine hapa hapa Kariakoo, juu ya watu waliotoka nyumbani asubuhi kutafuta riziki. Kwa hiyo udongo upimwe kabla ya ramani kupitishwa. Majina ya mhandisi na mkandarasi yaulizwe kwenye bodi zinazowasajili, msitosheke na kadi ya biashara. Shimo likichimbwa, ukuta wa jirani ushikizwe kwanza, kwa sababu udongo mnaouondoa ndio unaoubeba. Na siku mwekezaji atakapowanong'oneza kwamba ghorofa mbili za nyongeza juu ya kibali hazina neno, mkatalieni hata kama moja kati ya hizo ni yenu.

Fedha ikichelewa, mtaipata kesho. Roho ya mtu hamtailipa.

Rudini mkae kikao upya, shangazi zenu wakiwepo. Nileteeni mkataba ulioandikwa na majibu ya vipimo vya udongo, nami nitatia saini yangu ya ushahidi kwa moyo mweupe. Kabla ya hapo jibu langu ni hapana.