Kadi Iliyowekwa Sandukuni



Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, tuliwahimiza waamini waepuke misongamano. Tulinena vema, lakini hatukunena yote: hatukusema kwamba siku ya kliniki ya mtoto isiachwe. Akina mama wengi wakaliogopa benchi la zahanati, wakaiweka kadi sandukuni. Nayo surua haikungoja.

Haikuwa kwetu peke yetu. Julai 2022 Shirika la Afya Duniani na lile la Watoto la Umoja wa Mataifa yalitangaza kwamba katika mwaka 2021 watoto milioni 25 walikosa dozi moja au zaidi ya chanjo ya dondakoo, kifaduro na pepopunda. Milioni 18 kati yao hawakupata hata moja.

Woga ule umepita; iliyobaki ni aibu. Mama aliyepitisha miezi 9, kisha 18, bila mtoto kuchanjwa surua, aona haya kumwonyesha muuguzi kadi yenye nafasi tupu. Aogopa kukaripiwa mbele ya watu (na kweli wako wakaripiao!). Basi na ajue: chanjo alizokwisha kupata mtoto hazipotei, wala hazianzwi upya. Muuguzi hutazama umri wake, akaendelea pale zilipokoma.

Nanyi akina baba, msidhani Amri ya Tano iliandikwa kwa akina mama tu. Cheti cha ubatizo mwakitunza vizuri. Kadi hii, je, mmepata kuifungua? Mpelekeni mtoto ninyi wenyewe Jumatatu hii, na karipio likiwapo, lianguke juu yenu.