Mwalimu Mkuu ni Mchungaji, si Mnyapara

Tuyatazame mashamba ya Lionja, wilayani Nachingwea. Yafikapo majira ya korosho, mikono ya watoto hutamaniwa shambani, na dawati laweza kubaki tupu. Mwalimu mkuu afanyeje? Mmoja hushika fimbo na kumtisha mzazi. Mwingine huuliza kwanza: nyumbani kwa mtoto huyu kuna nini?

Sisi twamsifu huyu wa pili. Nabii Musa aliamua mashauri ya watu peke yake tangu asubuhi hata jioni, mpaka mkwewe Yethro akamwonya kwamba atajichosha yeye na watu pia. Musa hakuona haya; alisikia, akachagua wasaidizi. Basi mwalimu mkuu asidhani heshima yake yapungua akiketi na walimu wenzake na kamati ya shule, akasikiliza kabla ya kukata shauri. Mwalimu Nyerere naye, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka walimu na wanafunzi waishi kama jamaa moja.

Nanyi wazazi, msingoje kuitwa. Semeni shida zenu wazi, lakini msiuze masomo ya mtoto kwa gunia la korosho. Shauri lililotungwa pamoja hubebwa na wote.

Bwana wetu, aliye Mwalimu, aliwaosha mitume wake miguu. Kila aongozaye shule na ajifunze kuinama. Tena tumwombee, kwani mzigo wake ni watoto wetu.