Tusimwachie Mama Subira Peke Yake

Ndugu zetu Waislamu wa Meru na Embu,

Twamwona mama akishuka mlimani na mtoto mgongoni, akimpeleka hospitali kwa mazoezi ya viungo. Na mtoto azidi kuwa mzito mwaka hadi mwaka. Twamwambia, "Subiri," kisha twenda zetu tukinong'ona kuwa ni majini au laana. Huo ni ujinga. Mtindio wa ubongo ni madhara yaliyoupata ubongo kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au baadaye kidogo. Hauambukizi, wala si adhabu.

Katika Sura Abasa Mtume wetu (s.a.w.) alizinduliwa kwa ajili ya kipofu mmoja. Sisi ni nani hata tumpe kisogo mtoto huyu? Basi tutoe nauli, tupokezane kumbeba, tumkaribishe chuoni. Kusubiri ni kwake mama. Kusaidia ni kwetu. Wabillahi tawfiq.