Saa Kumi na Moja

Katika daraja la Rusumo, wilayani Ngara, mto Kagera ni mpaka wa nchi na ni mpaka wa saa pia. Upande wetu ikiwa saa nne asubuhi, ng'ambo, Rwanda, ni saa tatu. Ukipita Kabanga kuingia Burundi ni vivyo hivyo. Ndiyo maana tukipanga kuonana na ndugu wa huko huulizana kwanza: saa zenu au zetu?

Na hizo zetu nazo zina ugeni wake. Kiswahili huhesabu saa za mchana tangu jua kuchomoza, lakini hesabu hiyo ililelewa pwani. Huku magharibi, Ngara na Biharamulo, saa kumi na mbili asubuhi bado ni giza, na jua hutoka ikikaribia saa moja. Mkulima afuataye jua na karani afuataye saa ya ukutani hawaamki pamoja.

Waingereza huuzungumzia wakati kama fedha: wanautumia, wanaupoteza, wanauweka akiba, hata wanauua wasipokuwa na la kufanya. Nasi tumejifunza, hasa maofisini, kusema tunaokoa muda na kwamba wakati ni mali. Si usemi mbaya. Aliyesubirishwa kutwa mlangoni pa mkubwa anajua kuwa ameibiwa kitu. Ila lugha yetu ina njia nyingine pia. Wakati huwadia, hufika, hutimia, kama mgeni ajaye kwa miguu yake. Na mtu hautumii mchana, bali anashinda: ameshinda shambani, ameshinda na mgonjwa, ameshinda njaa. Ni neno lile lile la ushindi.

Katika Mathayo 20 Bwana anasimulia habari za mwenye shamba la mizabibu. Msomaji wa Kiingereza hana budi kuelezwa saa ya kumi na moja ni lini; kwake imebaki msemo wa dakika za mwisho. Sisi hatuelezwi. Mwenye shamba anatoka alfajiri, saa tatu, saa sita, saa tisa, kisha saa kumi na moja, na kila saa tunajua jua lilipo. Kwa hiyo hatuna kisingizio.

Mwaka mmoja, wakati wa palizi ya maharage, nyumbani kwetu tuliita vibarua. (Neno lenyewe ni barua ndogo, kile cheti cha siku alichopewa mfanyakazi.) Mmoja alifika saa nane mchana, wenzake wakiwa wameshakula. Alipalilia kwa bidii mpaka jua likazama. Tulimpa nusu ya ujira. Akapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaondoka. Hakuna kati yetu aliyeona kosa, kwa maana tulihesabu saa sawasawa.

Baadaye tukasikia kwa majirani kwamba tangu alfajiri alikuwa zahanati na mtoto mwenye homa.

Tumebishana sana juu ya jambo hilo. Baadhi yetu husema waliokuja asubuhi nao wana haki, na kweli wanayo. Manung'uniko yao katika mfano ule wahubiri huyapita haraka mno. Aliyevumilia jua la saa sita si mtu mwovu akiuliza mbona amelinganishwa na mwenzake. Kama tungempa yule ujira mzima, wenzake wangesema, na tungekosa la kuwajibu.

Lakini kuna jambo tulilichelewa kuliona. Mwenye shamba, kabla ya kuwatuma wale wa mwisho, aliwauliza kwa nini wamesimama pale mchana kutwa, nao wakamwambia kwamba hakuna aliyewaajiri. Sisi hatukuuliza. Tuliangalia saa, tukaona inatosha.

Msimu uliofuata tulimtafuta. Tukaambiwa amehamia upande wa Biharamulo, kijiji hakikujulikana. Nusu ile ya pili bado tunayo.